Hamira Inayokula Mbolea

Ninyi mnaokuja kwangu Mtendeni na vitabu vyenu vya chuo, mkinikuta uani nakaanga vitumbua, huwa mnaniuliza swali lilelile: Bi Mwajuma, katika miaka yako yote ya maabara, ni kitu gani kilikufurahisha kuliko vyote? Mnategemea nitaje mashine. Nami huwajibu kwamba ni tyubu moja iliyogeuka rangi ya pinki, mnacheka, kisha mnaondoka na vitumbua vyangu bila kusikia habari yenyewe. Leo vitumbua vimekwisha. Kaeni.

Tuanze na hamira, maana imo humuhumu ndani. Hii ya dukani inayoumua unga mnaijua. Ina jamaa zake wengi huko duniani, na karibu wote hawana neno na mtu. Mmoja ni mkorofi, anaitwa kriptokokasi. Anaishi kwenye udongo, kwenye miti, na hasa kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka kikawa vumbi. Sisi sote tumeshamvuta puani mara nyingi tu, na mwili ukammaliza kimya kimya. Lakini akimpata mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, anatoka mapafuni, anapanda mpaka kichwani, na huko analeta homa ya uti wa mgongo ya aina ya polepole. Haimwangushi mtu kwa siku moja. Kichwa kinauma leo, kesho zaidi, wiki ijayo zaidi, na kila mtu anasema malaria.

Aliyenifundisha kumjua alikuwa Mzee Mayunga, mkuu wangu wa kwanza pale hospitalini, mtu wa Nzega, mnene, mwenye vidole vizito ambavyo hungeamini kwamba vingeweza kushika kioo chembamba bila kukivunja. Likizo zake zote alizimalizia Ipole kwenye shamba la tumbaku la mkewe, kwa hiyo mifano yake ilitoka huko. Alikuwa akituambia tusikazane kuuliza kijidudu kina sura gani, kwa sababu sura zinafanana. Tuulize kinakula nini.

Na kriptokokasi anakula mbolea. Nilipomsikia Mzee akisema hivyo kwa mara ya kwanza nilidhani anatania. Akanieleza. Kila chenye uhai kinahitaji naitrojeni ili kijenge mwili. Mahindi huipata ardhini, sisi huipata kwenye maharage na nyama. Kriptokokasi anaweza kuipata kwenye urea, na urea ndiyo ileile iliyomo kwenye gunia la mbolea, kwenye mkojo, na hata kwenye damu zetu. Kinyesi cha njiwa kwake ni ghala lililojaa. Ana kimeng'enya kinachoikata urea, ikatoka amonia, ile harufu inayokupiga puani ukiingia choo kisichosafishwa. Sasa ukiweka urea kwenye tyubu pamoja na agari, ule utelezi wa mwani unaoganda kama jeli, na rangi maalumu, chakula hicho cha vijidudu kinakuwa cha manjano. Mpande humo hamira ya kawaida inayoota midomoni mwa watoto, manjano inabaki manjano. Mpande kriptokokasi, naye akala, amonia ikatoka, tyubu inageuka pinki. Kipimo ndicho hicho. Hata mtoto anaweza kukisoma.

Kukitengeneza ndiko kunakohitaji adabu. Mzee Mayunga alinisimulia mwenyewe, akicheka mpaka akavua miwani, kwamba alipokuwa mgeni kazini alichanganya kila kitu kwa pamoja akakitia kwenye mtungi wa mvuke ili kuua vijidudu. Tyubu zote zikatoka pinki kabla hajapanda chochote. Sista aliyekuwa msimamizi akazitazama zimepangwa kwenye kibao, akampa pole, akamwambia wagonjwa amezoea kuwaona lakini hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona tyubu zinazoumwa. Urea haipikwi, wanangu. Ukiipika inavunjika yenyewe na kutoa amonia bila kuliwa na mtu. Pika agari peke yake, iache ipoe mpaka uweze kuishika chupa kwa mkono, ndipo utie urea iliyochujwa ili kuondoa vijidudu. Na daima weka pembeni tyubu moja ambayo hukupanda kitu. Kuna Ijumaa moja mfagizi alileta dawa mpya ya sakafu yenye amonia, na kabla ya adhuhuri tyubu zetu zote zilikuwa pinki kwa hewa tu ya chumbani. Ile tupu ndiyo iliyotuambia ukweli. Bila hiyo tungewatangazia ugonjwa wote waliolazwa.

Basi, siku moja wakamleta Nestori.

Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, na mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Wazee wake walitoka Burundi. Yeye alizaliwa hukohuko Ulyankulu. Alikuja kwa basi, kichwa amekilaza mapajani mwa mkewe Daforoza njia nzima. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma wakati wa kufunga tumbaku, akatibiwa malaria, akapata nafuu kidogo, kikarudi. Baadaye akaanza kuona vitu viwiliviwili. Daforoza alinisimulia kwamba mwanzoni mumewe alilifanyia mzaha jambo hilo: alikuwa akimwambia anawaona wake wawili jikoni, na padri anaruhusu mmoja. Kilichomtisha Daforoza ni siku aliyoacha kufanya mzaha.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, Daktari Upendo, msichana wa Mbeya aliyekuwa hajamaliza hata mwaka kwetu. Alimchoma mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo, na maji yakatoka kwa nguvu kama bomba lililofunguliwa ghafla. Hakumpa mtu mwingine sampuli ile. Aliileta mwenyewe maabara, ameikumbatia kifuani.

Nikatia tone la maji yale kwenye kioo, na tone la wino mweusi, nikafunika, nikaweka chini ya hadubini. Wino unafanya giza lote, na kriptokokasi hung'aa katikati yake, kwa sababu anavaa koti nene la utelezi ambalo wino haupenyi. Akiwa amevaa vizuri, huhitaji kuuliza. Siku ile sikuona hivyo. Niliona viduara vichache, vingine na ukingo mwembamba wa mwanga, vingine bila kitu. Vingeweza kuwa chembe nyeupe za damu. Vingeweza kuwa hamira nyingine iliyodondokea tu. Vile vijiti vyenu vya siku hizi, unavyochovya ukapata mistari miwili kabla chai haijapoa, hatukuwa navyo bado.

Nikamwita Mzee Mayunga. Aliinama juu ya hadubini muda mrefu, akisogeza kioo polepole.

"Sisemi ndiye, sisemi siye," akasema. "Mpande. Akila tutamjua."

Nikampanda. Hapo sasa kazi ikawa kungoja, maana kiumbe huyu huota kwa siku kadhaa, na hajali nani ana haraka. Mwenye haraka alikuwa Daktari Upendo. Alikuwa amemwanzishia Nestori dawa za bakteria, lakini kama huyu alikuwa kriptokokasi, dawa hizo ni kama maji. Dawa yenyewe, ile ya dripu, ilikuwa kali, inaweza kuumiza figo, na kwetu haikuwapo. Ilibidi iombwe hospitali nyingine na iletwe kwa treni. Wenye dawa walitaka uhakika. Kila asubuhi alipita dirishani kwetu, hasalimii, anatazama uso wangu tu, kisha anaendelea na njia yake. Alichoweza kufanya alikifanya: alimtoa Nestori maji mengine mgongoni ili kupunguza mgandamizo wa kichwa. Nestori alipata unafuu wa saa chache, akalala. Kisha maumivu yakarudi.

Siku niliyoona makundi madogo ya rangi ya krimu yamechomoza kwenye sahani niliyompandia, yanang'aa kwa unyevu, ndiyo siku kaka yake Nestori alipofika na gari la kuazima. Alikuja kumchukua mdogo wake. Sikumlaumu wala simlaumu leo. Alimkuta ndugu yake hatambui watu, na alichoambiwa ni kwamba hospitali inamtoa maji mgongoni kila mara. Kijijini kulikuwa na mtu wa mizizi aliyeahidi kumponya, na kanisani watu walikuwa wanasali. Alisema kama ni kufa, afie kwao. Daforoza alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mabegi mawili yamefungwa miguuni pake, hajasema ndiyo wala hapana. Daktari Upendo alimwomba kaka yule angoje mpaka mchana tu, akakubali kwa shingo upande.

Mimi asubuhi ileile nilikuwa nimeshapanda tyubu tatu za urea. Moja tupu, moja yenye hamira ya kawaida, moja yenye kile kilichoota kutoka kwa Nestori. Hiyo ya Nestori niliipaka kwa wingi juu ya mteremko wa agari iliyogandishwa tyubu ikiwa imelazwa. Nawaambieni siri ya kazi: ukiwa na haraka na kipimo hiki usichovye kidogo kidogo. Paka nzito, iweke kwenye joto, na ataanza kula siku hiyohiyo kama ndiye.

Nilizitoa karibu na adhuhuri. Nilizitazama, nikazirudisha, nikanawa uso, nikazitoa tena. Mzee Mayunga alifungua mlango akaushikilia wazi, na nikaelewa ananiambia niende wodini. Sikuwa na kawaida ya kwenda wodini. Nilimkuta Daforoza ameshasimama, begi moja mkononi. Nikampa Daktari Upendo majibu kwa neno moja, kisha nikamwomba Daforoza anifuate.

Alikuja akidhani anaitwa kusaini karatasi za kumtoa mgonjwa. Nikampangia tyubu zile kwenye kibao mbele ya dirisha. Mbili za manjano. Ya tatu imekuwa pinki juu kwenye mteremko, na rangi inashuka chini, unaweza kusema unaiona ikitembea.

"Ya mume wangu ni ipi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Umemlisha nini?"

"Urea."

"Urea hii ya tumbaku?"

Nikamwambia ni hiyohiyo, ila hii imetengenezwa safi kwa ajili ya maabara, na nikamweleza kwa kifupi: kilicho kichwani mwa mume wake kinakula mbolea kama jani la tumbaku, na ndivyo tulivyokinasa, kwa sababu vingine vinavyofanana nacho haviwezi. Aliinama akaikaribia ile tyubu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Alikuwa ametia mbolea mashambani tangu msichana, anajua jinsi gunia linavyonuka likilowa mvua, anajua jani lililokosa mbolea na jani lililozidishiwa. Hakuhitaji nirudie.

"Anayekula mbolea ana dawa yake?" akauliza.

"Anayo. Daktari anaiagiza sasa hivi."

Akaliweka begi sakafuni pale maabara, akaliacha palepale, akarudi wodini mikono mitupu. Nilimfuata kwa nyuma. Alimwamkia shemeji yake kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba mgonjwa wao amejulikana na yeye haondoki. Shemeji akauliza amejulikana ana nini. Daforoza akamjibu kwamba ameona kwa macho yake. Yule kaka alikaa kitini, akavua kofia, na kumbe alikuwa mtu mwema tu aliyechoka kuogopa. Gari lile la kuazima ndilo lililokwenda stesheni kuipokea dawa ilipofika.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Dawa ile ikiingia mwilini mtu anatetemeka kitanda kinalia. Daforoza aliiita dawa ya baridi na alikuwa akimlalia miguuni na blanketi mbili. Daktari Upendo aliendelea kumtoa maji kila kichwa kilipobana. Nasi maabara tulipewa kazi ya kuchunga figo zake, na mnajua figo zinachungwaje? Kwa kupima urea kwenye damu. Mzee Mayunga alifurahi mno. Akasema katika mgonjwa huyu hatuna jambo jingine, ni mbolea kuingia na mbolea kutoka, na kwamba akistaafu ataomba kazi kwenye chama cha wakulima.

Halafu asubuhi moja nilipeleka majibu wodini mwenyewe, nikidai kwamba mhudumu amechelewa, ambayo haikuwa kweli. Nestori alikuwa ameketi, anakula uji. Alinitazama sana, jicho moja kalifumba, kisha akafumbua yote mawili.

"Shikamoo mama," akasema. "Leo uko mmoja."

Daforoza alicheka mpaka akatoka nje. Nilimsikia ukutani kule anacheka na kulia kwa pamoja, na wauguzi wakatoka kumtazama, nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Kabla hajaruhusiwa tulizungumza naye habari za njiwa, kwa sababu alikuwa na banda la njiwa nyuma ya nyumba na samadi yake aliitia kwenye bustani ya mboga. Sikumwambia kwamba ugonjwa ulitoka pale. Hakuna anayeweza kuapa, pengine aliuvuta utotoni ukalala miaka. Mzee alimshauri asifagie banda likiwa kavu. Amwagie maji kwanza, ajifunge kitambaa puani, na bora zaidi amwachie kazi hiyo mtu mwenye afya kamili, huku yeye akimeza vidonge vyake vya kuzuia ugonjwa usirudi, bila kuruka hata siku moja. Nestori alitaka kujua kama njiwa wachinjwe. Mzee akamwambia njiwa hawana kosa, wao wanakunya tu kama kila mtu.

Jambo moja lilinikera: kwa nini siku ya kwanza yule kriptokokasi hakuwa na koti? Tukamchunguza tena yule aliyeota, tukimhamisha kutoka chakula kimoja hadi kingine. Kwenye hiki alikuwa karibu uchi. Kwenye kingine, naitrojeni yake ikiwa ya namna nyingine, koti likanenepa hadi nikashangaa. Huyu anavaa kulingana na anachokula, na koti hilo ndilo linalomficha ili askari wa mwili wasimkamate. Hata kuingia kwake kwenye ubongo, wanaofanya utafiti wanasema kile kimeng'enya cha kukata urea kinamsaidia kupenya. Chakula chake na ukatili wake ni kitu kimoja. Ndiyo maana nikisikia mmoja wenu anataka kusoma zaidi ili atafute namna ya kumfungia ghala lake la naitrojeni afe njaa, mimi huyo namkaangia vitumbua vya peke yake. Vijiti vyenu ni vizuri, navipenda, laiti tungekuwa navyo siku ile. Lakini kijiti kinakuambia yupo. Hakikuambii anaishije.

Baada ya mavuno tulialikwa Ulyankulu, Mzee Mayunga, Daktari Upendo na mimi. Vumbi la njia ile lilitugeuza wote rangi moja. Nestori alikuwa amesimama mbele ya kwaya yake, amekonda bado, suti inamning'inia, anawakatiza waimbaji wa sauti ya tatu kila mara kwa sababu hawakumridhisha. Mimi Mwislamu nilikaa benchi la nyuma na ushungi wangu, nikatikisa kichwa kwa wimbo mpaka jirani yangu akanipa kitabu cha nyimbo nishike. Baada ya ibada Daforoza alinishika mkono akanipitisha kwa wanawake mmoja mmoja. Hakutaja jina langu. Kila mmoja alimwambia maneno yaleyale: huyu ndiye aliyemwona.

Mwisho alinifikisha kwa mama mzazi wa Nestori, Bibi Suzana, kikongwe mwenye fimbo, anayezungumza Kirundi na Kiswahili cha maneno ya kuhesabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniachia mkono. Akataka nimweleze yule kiumbe ana sura gani. Nikamwambia ni mviringo, mdogo kuliko chochote alichowahi kukiona. Na kwa kuwa aliniuliza kwa moyo, nikamjibu kwa moyo, nikasema ni mzuri kumtazama. Daforoza alisita kutafsiri hilo. Alipotafsiri, Bibi alinikazia macho, akasema basi na yeye atakuja kumwona.

Nilidhani ni maneno ya ukarimu. Nestori alipokuja kliniki mara iliyofuata, alikuja na mama yake, amevaa kitenge kipya na viatu. Nikamtayarishia. Nilimuua yule kijidudu kwa formalini kwanza, kama mnavyotakiwa kufanya ninyi pia, nikachukua wa kwenye chakula kile cha koti nene, nikatia wino. Tukamwekea Bibi Suzana kiti juu ya kiti kingine kilichokatwa miguu, Mzee Mayunga akamshika bega, nami nikamrekebishia lenzi taratibu mpaka nikaona mabega yake yametulia, nikajua amempata.

Alitazama kwa jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Foleni ikaanza kurefuka dirishani, watu na vikombe vyao vya sampuli, mmoja anakohoa makusudi. Nikainama nikamwambia polepole kwamba kuna wagonjwa wanasubiri.

Bibi hakuinua kichwa. Alinyoosha tu mkono mmoja nyuma, akanisukuma kidogo kama mtu anayesogeza kuku, akasema kwa Kiswahili chake:

"Wangoje. Huyu wa humu alimtazama mtoto wangu muda mrefu. Na mimi namtazama."